Rangi Nne kwenye Glasi ya Mzee

Jumapili, 3 Agosti

Daftari lenyewe ni la sayansi, la kidato cha pili. Kurasa nne za mwanzo: "Maada na Tabia Zake", mwandiko safi, mstari mwekundu pembeni. Ukurasa wa tano — hakuna kitu. Hapo ndipo mimi na shule tulipopeana mkono wa kwaheri. Karatasi zilizobaki ni mali yangu. Dada akilifungua, avimbe vidole.

Habari kubwa: Jumamosi wanakuja wakwe. Yaani watakaokuwa wakwe, wakitupenda. Mchumba wa Dada, mama yake, na mjomba wake. Dada anasugua sakafu tangu asubuhi kama vile wageni watakuja kuilamba.

Mama akauliza wanywe nini. Dada akasema soda. Soda! Mimi natembeza toroli la matunda mtaa mzima, najua embe litakaloiva kesho kwa kulinusa tu, halafu nyumbani kwetu wageni wanywe soda? Nikawaambia: nitatengeneza kinywaji cha rangi nne. Tabaka juu ya tabaka, ndani ya glasi moja, hakuna rangi inayomgusa mwenzake. Nimeona kwenye simu. Dada akasema, "Wewe Mdomo, hata chai yako hujui kuikoroga."

Mdomo ndiyo mimi. Jina la nyumbani. Nimelizoea.

Halafu Mama akauliza polepole, "Na baba yenu?"

Dada akazidi kusugua.

Mzee alikuwa mpaka rangi. Si wa kubahatisha — fundi. Nusu ya nyumba za mtaa huu zimevaa mkono wake. Sukari ikampanda, ikala vidole viwili vya mguu, kisha ikahamia machoni. Sasa anaona kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha bafuni. Rangi kali anaziona, sura za watu zinamponyoka.

Lakini si macho yaliyomfungia chumbani. Ni kile kikombe. Mwaka jana kwa Shangazi, watu wote walipewa soda kwenye glasi. Yeye akaletewa maji kwenye kikombe cha plastiki, cha bluu, chenye picha ya bata. Cha mtoto! Na Shangazi akapaza sauti, "Huyo mgonjwa jamani, msije mkamchanganyia!" Mzee akanywa maji yake, akasema ahsante. Tangu siku ile wageni wakija, mlango wake unafungwa. Anatoka kwenda chooni tu. Naijua safari hiyo kwa sauti: fimbo inagonga mara sita kutoka chumbani hadi chooni. Kufika sebuleni ni kumi na moja. Kumi na moja sijazisikia siku nyingi.

Nikasema mbele ya wote: Jumamosi Mzee atakaa kwenye kiti chake, ana glasi mkononi kama wenzake. Niachieni mimi.

Dada akacheka. Mama hakucheka. Bora angecheka.

Jumatatu, 4 Agosti

Jaribio la kwanza. Tikiti maji chini, papai juu yake, embe, halafu tango. Zilipofika ndani ya glasi zikakumbatiana zote kama ndugu waliopotezana. Rangi? Maji ya kufulia soksi.

Dada: "Hongera. Umetengeneza mtaro."

Nimekunywa glasi zote tatu mwenyewe nisiache ushahidi. Tumbo linahutubia.

Yule msichana wa kwenye simu anamimina juu ya mgongo wa kijiko huku anatabasamu, juisi inamtii. Labda kosa langu ni kutotabasamu.

Jumanne, 5 Agosti

Niiteni profesa!

Asubuhi Dada kanisema tena kuhusu chai. Mimi sikorogi kwa makusudi. Napenda kushuka polepole na chai yangu ya uchungu, nikifika chini nikute utamu umeniwekea kiti. Leo nikakitazama kikombe. Mbona sukari haipandi? Kwa sababu ni nzito. Basi! Juisi yenye sukari nyingi ikae chini, yenye kidogo juu yake, isiyo na kitu kabisa juu ya zote. Maada na tabia zake! Mwalimu aliyenitoa nje ya darasa kwa maneno mengi yuko wapi leo?

Nikaacha toroli, nikakimbilia jikoni. Tikiti: vijiko sita vya sukari. Papai: vinne. Embe: viwili. Tango na limau: sifuri. Nikamimina juu ya mgongo wa kijiko, tone kwa tone, nimebana pumzi.

Zikasimama. Nyekundu, chungwa, njano, kijani. Kila moja kwake. Nikaiweka glasi dirishani, jua likaingia ndani yake, jiko zima likabadilika. Hata sufuria nyeusi ile ya maharage ilionekana ina heshima.

Mama alikuwa sokoni, Dada yuko kwenye cherehani za watu. Hakuna wa kunisifu! Nikawa najisifu mwenyewe, kwa sauti, ndipo nikasikia fimbo. Sita. Mlango wa choo unatazamana na wa jikoni. Nikangoja ufunguke. Haukufunguka.

"Nini hicho kinachowaka dirishani?"

"Kazi ya mwanao, Mzee."

Akaja. Nikampa glasi, akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza hadi puani, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Sijui kama aliniona mimi. Ile aliiona.

"Nyekundu. Hii ni nyekundu ya kweli," akasema. "Halafu chungwa. Halafu… njano?"

"Njano, ndiyo."

"Hapo umekosea. Chungwa na njano ni ndugu. Ukiwapanga bega kwa bega kila mmoja anamwibia mwenzake. Toa mmoja, tia nyeupe katikati. Utaona njano itakavyopiga kelele."

Mwaka mzima sijamsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa juu ya ngazi, kofia ya gazeti kichwani. Nikabaki nautazama tu.

Halafu akanywa.

Sikumwambia anywe. Sikumwambia asinywe pia. Kijiko cha sukari kilikuwa mkononi mwangu, bado kina punje. Mdomo huu, ambao haujawahi kufungwa na mwalimu wala mama, ukajifunga wenyewe. Akanywa hadi tikiti la chini. Akanirudishia glasi tupu, taratibu. Hakuiangusha.

"Umejitahidi," akasema. Sita kurudi.

Jumatano, 6 Agosti

Mama anampima kila asubuhi kwa kile kimashine cha kutoboa kidole. Kawaida ni nane, tisa. Leo kumi na saba. Mzee kichwa kizito, anakunywa maji kama mtu aliyetoka kuvuka jangwa.

Mama akauliza kwa sauti ya kutafuta mtu. Nani kampa nini?

Mzee akasema, "Embe. Nililikuta jikoni, nikala."

Basi Mama akamshukia. Mtu mzima na akili zako! Unataka tukuzike au tumwoze mtoto? Dada akadakia kwamba basi ni heri Jumamosi akae huko huko ndani, asije akaona vya mezani akavitamani. Mzee ameinamisha kichwa. Anatukanwa kwa ajili ya embe ambalo hakula.

Na mimi nilikuwepo. Nimeegemea friji.

Alhamisi, 7 Agosti

Toroli halikunichukua mbali leo. Mteja mmoja ameniambia mbona leo humsifii nanasi wako. Nikamwambia nanasi amenuna.

Saa nane nikarudi, nikaenda moja kwa moja chumbani kwa Mzee. Nyuma ya mlango wake kuna ukuta ambao Mama amekatazwa kuusafisha. Kila rangi aliyowahi kuichanganya, alipaka mstari mmoja pale, upana wa vidole viwili, kabla ya kwenda kupaka nyumba ya mtu. Iko mistari mia na zaidi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikilala naihesabu.

Nikasimama nimeutazama ukuta, si yeye. Nikasema, Mzee, ile juzi ilikuwa na sukari. Vijiko kumi na viwili kwa hesabu ya jagi zote, kwenye glasi yako sijui ni vingapi.

"Najua," akasema. "Macho ndiyo yamechoka. Ulimi mzima."

"Sasa mbona ulimaliza?"

Akapapasa kikombe chake kando ya kitanda, akakizungusha.

"Ulinipa glasi," akasema.

Basi.

Nikakumbuka. Humu ndani pia ananywea plastiki. Aliangusha glasi mbili, Mama akaziondoa zote, akaziweka kabatini juu. Hakuna aliyesema ubaya. Ilikuwa akili tu, kuepusha vipande vya glasi na ile miguu. Na mimi ndiye niliyemnunulia kikombe cha plastiki! Chekundu, eti akione vizuri. Nilijisifu wiki nzima.

Nilitaka kusema kitu kizuri. Kikatoka hiki: "Sasa Jumamosi nitafanyaje? Bila sukari zinachanganyika."

Mzee akacheka! Kicheko chenye kikohozi ndani.

"Nimepaka rangi miaka thelathini na moja. Hakuna siku hata moja nimepandisha rangi ya pili juu ya rangi mbichi. Ya kwanza ikauke kwanza. Haraka yako ndiyo inayokuharibia, siyo sukari."

"Juisi haikauki, Mzee."

"Basi ifanye ijione imekauka."

Nikatoka nikiwaza huyu mzee ananichezea akili. Nikafika korido, nikasimama. Friji!

Akaniita nirudi. "Kwa mama yako utakwenda mwenyewe. Mimi sikubebei mara mbili."

Ijumaa, 8 Agosti

Nilipanga kumwambia Mama asubuhi. Asubuhi akawa na haraka. Nikapanga baada ya chai. Baada ya chai nikakumbuka toroli lina tairi bovu — ambalo halina. Mtu anayeweza kuuza papai bovu kwa maneno matupu, anashindwa kumwambia mamake sentensi moja!

Mwishowe alikuwa anachambua mchele, nikaketi karibu, nikasema yote mpaka kijiko. Nikasubiri ungo uniangukie kichwani.

Haukuanguka. Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, "Na mimi nikamtukana mbele ya watoto." Akaweka ungo chini. Akaenda chumbani, akafunga mlango. Sijui waliongea nini. Walikaa. Mchele nikauchambua mimi, nadhani mawe nimeacha mengi tu.

Alipotoka alikuwa na masharti. Muuguzi wa kliniki alishamwambia: tunda kidogo si mbaya, likiwa na nyama yake, lisikamuliwe likabaki maji matamu, na sukari ya kuongeza — hapana, hata chembe. Na kiasi kiwe kidogo. Kwa hiyo: glasi ndogo, zile za chai. Na yeye Mama ataonja kabla ya mtu yeyote. "Na ukinidanganya tena," akasema, "wewe na toroli lako mtalala nje, mfunikane."

Glasi zote sawa, nikamwambia. Wageni, Mama, Dada, Mzee — kitu kimoja. Dada akaruka: wakwe watasema tumewabania sukari! Mama akamwambia, "Waseme." Nilitaka kumkumbatia nikaona aibu.

Sasa kazi. Nyekundu: bitiruti iliyochemshwa, nikaisaga na limau na tikiti kidogo. Nikachagua bitiruti kwa sababu Mzee hahitaji miwani kuiona. Ukiigusa unatembea na ushahidi siku mbili. Nyeupe: tui la nazi, jepesi. Njano: embe kidogo na pasheni, na mbegu zake. Kijani: tango, limau, majani ya mnanaa. Chungwa nimemfukuza. Fundi amesema.

Friji letu la kugandishia ni kama sanduku la viatu. Glasi saba zinaingia kwa kubembelezana. Nyekundu ndani — kwa saa mbili nzima. Si kuganda jiwe, iwe imeshika tu, ukiigusa na kidole isikufuate. Ndipo nyeupe juu yake. Nimekaa mbele ya lile friji kama askari wa zamu. Kila nikitaka kufungua kabla ya muda namsikia Mzee: haraka yako. Nikakalia mikono.

Nyeupe ilipotua juu ya nyekundu, ikatulia. Mpaka wake umenyooka kama umepigwa rula. Bila punje ya sukari! Sikupiga kelele. Nilienda mpaka mlangoni kwa Mzee, nikabisha mara moja, nikasema, "Imekauka." Akasema, "Haya, ya pili usiipake nene."

Kwenye njano nikazidisha, nikasahau friji halina huruma. Glasi moja ikapasuka. Zilikuwa saba, zimebaki sita, na watu wa mezani ni sita bila mimi. Basi iliyopasuka ilikuwa yangu. Nimeamua hivyo, na hakuna rufaa.

Mama kaonja kilichobaki kwenye jagi. Akakunja uso kwa limau, akasubiri, akaonja tena. "Inanyweka," akasema. Kwa Mama hiyo ni medali.

Nikaenda kumwambia Mzee kwamba kesho glasi yake ipo. Nikamwambia na kilichomo, kimoja kimoja, bila kuulizwa.

"Niletee huku huku chumbani," akasema.

Sijui nguvu niliitoa wapi. "Sileti, Mzee. Itakuwa mezani, mbele ya kiti chako."

"Nikiidondosha mbele ya watu?"

Mdomo mzima huu, likatoka neno moja tu. Nikasema, "Nitafuta." Akageukia ukutani.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa tisa na robo alasiri. Naandikia jikoni, juu ya friji, nimesimama. Pazia la sebuleni lina mwanya, naona meza yote.

Wamekuja. Mchumba wa Dada ana shati lililomkaba shingo, anaonekana kama ananyongwa kwa hiari. Mama yake ni mnene na ana kicheko kizuri. Mjomba wake ni fundi wa magari, kucha zimemsaliti, amezificha chini ya meza. Dada hajasema neno tangu waingie — Dada! Nikimtazama anang'ata mdomo ili asicheke.

Nimezipeleka glasi dakika kumi zilizopita. Sita kwenye sinia. Mama mkwe akasema, "Jamani, hiki kinanywewa au kinatundikwa ukutani?" Mjomba akaitoa mikono chini ya meza, akaisahau. Ningekufa pale kwa raha, kama mtu aliyeshakula vyake vyote vya dunia.

Halafu mama mkwe akaiona glasi ya sita mbele ya kiti kitupu. Akauliza ya nani.

Mama hakusema ya mgonjwa. Akasema, "Ya mwenye nyumba."

"Basi tumngoje," mjomba akasema, akarudisha glasi yake chini. Mchumba naye akarudisha. Wote wakarudisha.

Hapo sikuwa nimepiga hesabu! Mimi nilidhani wageni watakunywa, watasifu, Mzee atasikia vicheko, atavutwa. Sikuwaza kwamba watakuwa na adabu. Sasa wamekaa wanatazama glasi, na glasi hazina subira. Rangi zangu zimekauka kwa barafu tu. Kwa joto hili nina dakika kumi, kumi na tano nikiomba sana.

Nimekwenda mlangoni kwake. Nikasema tu, "Mzee, wanakungoja." Nimesikia kitanda kikilia. Huenda amekaa. Huenda amegeuka upande wa pili. Kitanda kile hulia kwa yote mawili.

Nimerudi hapa kuandika kwa sababu nisipoandika nitaenda kumvuta mkono. Na nikimvuta mkono nimekuwa Shangazi.

Nyekundu ya Mzee imeanza kupanda. Naiona kutoka hapa — uzi mmoja mwembamba, unaingia kwenye nyeupe. Waridi. Si mbaya. Angekuwepo angesema jina lake lililoandikwa kwenye kopo la rangi.

Mama anaongea habari za mvua. Hakuna mvua.

Uzi wa pili. Kwenye ya Dada pia. Nilikuwa nataka zisimame mpaka afike, zimpige machoni kama siku ile dirishani. Sasa hata zikichanganyika zote, hata ikiwa mtaro — sitaki tena kusifiwa. Naandika hivyo na tarehe iko juu, aje mtu aniulize.

Mlango.

Fimbo.

Moja. Mbili. Sebuleni hawajasikia, mama mkwe anacheka. Tatu. Anakwenda polepole kuliko siku zote. Nne. Tano.

Sita.

Amesimama. Naona kivuli chake chini ya mlango wa jikoni. Kushoto kwake choo, mbele yake sebule. Choo hakijafunguka. Sitoki. Nimeshika kalamu ili nisitoke. Anapumua kama mtu aliye juu ya ngazi.

Saba.